Sekunde Thelathini za Salamu

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nimelehemu tena waya uleule. Mara ya nne. Kisanduku changu cha kuunganisha kompyuta na ripita ya chama chetu cha redio nimekiunda kwa vipuri vya televisheni mbovu, na kompyuta yenyewe ni mtumba wa ofisi iliyofungwa. Mtaa wote wa Igogo unanuka mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki viwandani. Ugali nimeula nimebana pua.

Jumanne, 4 Machi
Nimepanda kilimani na betri mgongoni. Ripita iko huko juu kwenye mawe. Inapokea sauti dhaifu za wanachama wetu wa redio, inazirusha upya mpaka visiwani. Imeshaungua mara mbili kwa sababu watu hawaachii kitufe. Wanasalimiana! Habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Jambo lenyewe hakuna.

Jumatano, 5 Machi
Kompyuta na ripita zimeelewana. Nimecheka peke yangu juu ya jiwe. Chama kiliagiza kila msemaji apewe dakika tatu. Nimeweka sekunde thelathini. Anayezidisha anakatwa, na ripita inajifunga dakika kumi. Watashika adabu. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Raha tupu. Nimekaa nyumbani nasikiliza wanavyokatwa. Mwalimu Magesa wa Nansio, kule kisiwani, aliyenifundisha redio, amekatwa mara tatu asubuhi hii. Kila akirudi anaanza upya: hamjambo wote, Mwanza mmeamkaje, watoto hawajambo? Kwake salamu haianziwi katikati. Ningeweza kumjibu. Nimezima redio, nikaenda zangu sokoni. Wazee hawa wamenichosha.

Ijumaa, 7 Machi
Katibu wa chama amekuja na habari. Mke wa Mwalimu aliteleza kisimani juzi, akavunjika nyonga. Jana Mwalimu alikuwa anaomba tumpokee mkewe bandarini Mwanza kwa pikapu ya katibu. Katibu hakusikia kitu zaidi ya salamu. Mama kalala kwenye mkeka kando ya magunia tangu meli ilipofika mpaka jioni. Binti yake alikataa teksi. Baba alimwambia watu wa redio hawakosi kuja. Mwisho makuli wakamfikisha hospitali kwa mkokoteni.

Kwa mkokoteni. Najichukia.

Jumamosi, 8 Machi
Katibu anasema mashine ilikosea. Asubuhi nzima nimemwacha aamini hivyo. Uoga mtupu. Mchana nimemwambia ni mimi. Hakugomba. Amenitazama kama samaki aliyeoza, akaondoka.

Nimepanda kilimani kwenye mvua. Waya umekatika tena. Nimepasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa chini ya mwavuli, nikalehemu, nikaweka dakika tano. Ile ya kujifunga nimeifuta.

Jumapili, 9 Machi
Hospitali. Mama amelala chali, mguu umening'inizwa. Shikamoo. Marahaba. Ameulizia mke wangu, watoto mmoja mmoja kwa majina, bati linalovuja, kama nimepata kazi tangu tulipopunguzwa kazini. Nimejibu yote nikiwa nimesimama. Maumivu yake ameyataja mwisho kabisa. Ndipo nikamweleza nilichofanya. Ameniomba nimsogezee maji.

Saa kumi alasiri, nimesharudi nyumbani, Mwalimu ameita redioni. Nimebonyeza kitufe, nikamwamkia. Ameanza na mvua ya Nansio, akaja kwa mihogo, akaja kwa majirani. Nimeitikia kila moja.