Mama, Hamadi Anamtaka Baba

Mama,

Salamu sikuletei nyingi, maana huku kwetu tangu siasa iingie hata salamu watu wanabaguana. Nakuletea habari za mwanao mkubwa.

Hamadi alikuja kukuzika. Eh, alikuja! Yeye aliyeapa hatii mguu nyumbani kwangu kwa kuwa mume wangu Kombo si wa chama chake. Kila ilipolia kengele ya baiskeli ulikuwa ukiuliza, "Si Hamadi huyo?" Basi siku ile akafika na gari zima la watu kutoka Wawi, kanzu imepigwa pasi, akakaa mbele kupokea mkono wa pole. Alilia, Mama, mpaka nikaona haya mimi. Kombo, aliyekuwa akikubeba mgongoni kukupeleka chooni, alisukumwa nyuma huko.

Chakula kilipoletwa nilikuwa mlangoni, nikiona. Hamadi akamwekea Baba samaki wa changu mzima juu ya wali, akageuka kuzungumza na wakubwa wake wa chama. Na miiba yake, kwa mzee asiyeona! Baba akabaki na mkono ndani ya sahani. Halafu akaita, "Kombo yu wapi?" Baraza lote likageuka. Kombo akaja, akanawa, akamchambulia. Hamadi akacheka, ati mzee amechanganyikiwa kwa msiba.

Sasa ametuma watu. Anamtaka Baba Wawi, ati ni aibu mzazi wake kulishwa na mtu wa chama kile. Aibu! Kumlisha Baba kwa mkono wake hakukumpitia kichwani hata siku moja. Nani huko atamshika mkono Baba kwenda kutawadha? Wale wakubwa wake? Mwanamume mzima, ndevu zote zile, na akili yake imo ndani ya kadi ya chama. Namdharau, Mama. Najua hupendi kusikia, lakini namdharau.

Nilimuuliza Baba mwenyewe. Akasema, "Mie sendi," akaomba kahawa.

Basi nakuahidi. Hamadi akija atapata mkeka na kahawa, kwa heshima ya tumbo tulilotoka, kisha atarudi Wawi peke yake.

Nakuaga, Mama. Mungu akulaze pema. Baba anaita huko ndani. Ameita jina lako, nami nimeitika.

Mwanao,
Mize