Jina Tulilobeba Lina Mwenyewe

Nakuru, Jumapili baada ya ibada

Baba,

Nimefungua sanduku lako. Naanza na hilo kwa sababu najua ungelisikia kwa Mama kabla sijamaliza salamu. Ulisema lisiguswe mpaka nipate akili. Sina hakika kama nimeipata, lakini mjukuu wako alikuwa analia na sikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Ndiyo, una mjukuu. Alizaliwa miezi mitano baada ya kukuzika. Mvulana, na masikio ni yako yale yale ya kusimama. Ukiwa kitandani uliniambia, "Akizaliwa kijana, mpe jina la baba yangu." Nikampa. Siku ya nne Mama alimtoa nje ya mlango, tukamwita Makokha, jina la babu, lile ulilokuwa ukilitaja huku umeinua kidevu. Na kuanzia wiki ile mtoto akaanza kulia.

Sisemi kulia kwa kawaida. Wewe ulilea saba, unajua mtoto wa njaa na mtoto wa deko. Huyu alilia asubuhi, akalia mchana, alishika titi akaliacha, alinyonya kidogo akatapika, mpaka shingo ikabaki kama ya kifaranga. Unamkumbuka yule wetu wa kwanza, tuliyemzika hata hatujamzoea. Mama yake, Rael, hakumtaja. Lakini kila nikirudi kutoka kazini nilimkuta ameshika miguu ya huyu mdogo, anaizungushia vidole kuipima. Mimi nilitoka nje nikajifanya natengeneza baiskeli ya mtu. Nimetengeneza baiskeli nyingi sana mwezi ule, Baba. Nyingine hazikuwa na shida yoyote.

Dresa wa zahanati alitupa dawa ya gesi tumboni. Mama hakuitazama hata chupa. Akasema, "Huyu amekataa jina." Nilimkasirikia. Nilimwambia sisi ni watu wa kanisa, asituletee mambo ya zamani nyumbani. Akamchukua mtoto, akaanza kuwaita kwa majina wazee wetu waliokufa, mmoja mmoja, asikilize mtoto anatulia kwa nani. Upande wake walikuwa wengi, aliwaita mpaka uji ukapoa. Upande wako alifika kwa Makokha akakwama. Nyuma ya Makokha hakukuwa na mtu.

Hapo ndipo nilipochomwa. Ulitusimulia habari za babu mpaka tukajua majina ya ng'ombe wake. Kwamba alitembea siku kumi na moja kutoka upande wa Bungoma. Kwamba aliongoza ng'ombe kumi na sita kwenye plau moja, akafungua shamba Bahati wakati kulikuwa na msitu na nyati tu, na Nakuru yenyewe ni maduka machache ya mabati. Lakini baba yake Makokha ni nani? Kijiji gani? Hukujua. Kukhu, mama yako, alimwita "Baba Petero" basi, mpaka naye akafa, na wewe hukumwuliza. Miaka yote mlikula pamoja! Nilikuwa na hasira na wewe, acha niseme ukweli. Nililia nikiwa nimekukasirikia.

Basi nikafungua. Kulikuwa na kadi yako ya ubatizo kutoka misheni ya Bahati, "Petero mwana wa Makokha". Kitabu cha sala cha Kukhu, na watoto wenu wote wameandikwa kwa penseli kwenye jalada la nyuma. Na chini kabisa, kimefungwa kwenye kitambaa, kile kibati cha kipande, hati ya kazi ya Wazungu, ambacho babu alikivaa shingoni, na kamba yake imekuwa nyeusi kwa jasho. Karatasi ya ndani imechakaa lakini inasomeka. Jina, Makokha. Kabila. Alama za vidole. Kazi, ng'ombe wa plau, kwanza Njoro, halafu Bahati. Na mahali alipotoka, Kimilili. Hukuwahi kutuambia Kimilili. Nadhani hukuisoma, ulikiweka tu kama kitu kitakatifu.

Niliandika barua siku hiyo hiyo kwa mchungaji wa huko, bila kumjua. Nikamwuliza kama kuna watu wa Makokha fulani aliyekwenda kulimia Wazungu baada ya vita vile vya kwanza, na baba yake aliitwa nani. Wiki tatu nilikwenda posta kila siku mpaka karani akawa anatikisa kichwa akiniona tu mlangoni. Jibu lilipokuja nililisoma nimesimama. Mchungaji aliandika hivi: "Makokha unayemwuliza namfahamu. Yuko hai. Anachunga kondoo wa Mzungu huko Keringet, na kila Krismasi hututumia salamu."

Baba, wewe ulimzika baba yako ukiwa na miaka saba. Ulinipeleka mwenyewe Bahati ukanionyesha lile tuta. Nilibaki pale posta na barua mkononi, nikiwaza kila ubaya ambao mtu anaweza kuuwaza. Kwamba alimtoroka Kukhu. Kwamba kwenye lile tuta hakuna mtu. Kwamba ulidanganywa maisha yako yote na mimi ndiye nitakayekuja kukuambia kaburini. Mama sikumwambia. Rael nilimwambia, kwa sababu Rael huwezi kumficha kitu. Akasema, "Wewe nenda. Mtoto hana muda ya kungoja ufikirie."

Nilipanda gari moshi mpaka Molo na baiskeli yangu, halafu nikaanza vile vilima. Unajua baridi ya kule. Mashamba ya pareto yamekuwa meupe pande zote na mimi nasukuma baiskeli kuliko ninavyoiendesha. Mara mbili nilisimamishwa nionyeshe karatasi, si unajua siku hizi za hali ya hatari zilivyo. Askari mmoja alikipata kile kibati mfukoni, akakigeuza, nikamweleza safari yangu, akaniuliza, "Sasa wewe unamtafuta babu ama unaenda kumuuza?" Sikucheka. Ningecheka ningelia.

Nilimkuta kwenye zizi anamkagua kondoo kwato. Mzee mfupi, koti la jeshi linafika magotini. Nilimpa kibati kabla sijasema jina langu, sijui kwa nini. Alikigeuza mara moja, akaweka ukucha mahali palipobonyea. "Hapa nilikalia," akasema. Nikamwambia naitwa Yohana Makokha, mwana wa Petero Makokha. Alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. "Wewe kijana, hiyo jina ni yangu. Na mimi sijakufa."

Nitakuandikia alivyoniambia, maana haya ni yako kuliko yangu. Walikuwa marafiki wawili kwenye shamba moja huko Njoro, wote kwenye plau. Siku moja ng'ombe alivunjika mguu na nyapara akamchapa rafiki yake kiboko mpaka hakuweza kuvaa shati. Rafiki akatoroka. Ukitoroka kipande chako hakijatiwa sahihi, na bila sahihi hakuna atakayekuandika kazi, ukikamatwa ni jela. Yeye Makokha alikuwa ametiwa sahihi vizuri, anarudi nyumbani kwa sababu baba yake alikuwa hoi. Wakakutana njiani. Akakitoa chake shingoni akamvisha mwenzake. Nilimwuliza, na alama za vidole je? Akasema, "Yule Mzungu ya Bahati hakuangalia vidole. Aliangalia mabega." Nyumbani alimwambia chifu kwamba kipande kimeungua na nyumba, akafokewa, baadaye akapewa kingine. Mwenzake alikuwa ameahidi kukirudisha baada ya mavuno. Alikingoja. Hakujua kwamba mwenzake alikufa kwa homa kabla ya miaka mingi. Hakujua kwamba wewe ulikua kwa jina lake, wala kwamba kuna mimi.

Baba, baba yako aliitwa Lusweti. Lusweti mwana wa Wamalwa, mtu wa Malakisi. Alitumia mkono wa kushoto. Aliwaimbia ng'ombe akilima, na mzee anasema aliimba vibaya mno, ng'ombe walikuwa wanatembea haraka ili wimbo uishe. Nilimwambia na wewe kanisani ilikuwa hivyo hivyo. Tulicheka wote wawili, halafu mimi nikashindwa kuacha, na si kicheko tena.

Na wewe hukuzaliwa Bahati. Lusweti alikuwa ameacha mke na mtoto mchanga huko Malakisi. Kukhu alimfuata hiyo njia yote na wewe mgongoni, akamkuta mumewe anaitwa mtu mwingine, akafunga mdomo. Sasa namwelewa. Neno moja tu mbele ya jirani lingempeleka mumewe jela, na alipokufa, labda liliogofya bado, labda mazoea. Aliona "Baba Petero" haiwezi kumfunga mtu. Nakuomba msamaha kwa ile hasira. Mwombe naye anisamehe.

Kisha nikamweleza kilio cha mtoto, mzee akaniuliza anaitwa nani. Nilipomwambia, kwato ya kondoo aliyokuwa ameishika tena akaiachilia. "Mnaita mtoto jina ya mtu anatembea?" Hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Hata mimi mtu wa kanisa najua kwetu jina hupewa mtoto kutoka kwa aliyekwenda, si kwa aliye hai. Akasema, "Mtoeni huko haraka. Mimi bado naitumia."

Nilirudi nikamwambia Mama yote, kuanzia kibati. Alikaa chini polepole. Jumamosi asubuhi akatandika mkeka mahali pale pale mlangoni, akampakata mtoto, akamwita Lusweti. Ningependa kukuambia kwamba alinyamaza papo hapo. Hakunyamaza. Alipiga mayowe Mama akimwita mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, uso umekuwa mwekundu kama pilipili. Halafu akapata kwikwi, akageuza kichwa kumtafuta Rael, akashika titi, akanyonya mpaka akalala nalo mdomoni. Ni mwezi sasa na miguu imeanza kufanya mikunjo. Dresa anasema ni dawa. Mama anasema ni Lusweti. Mimi nasema ni vyote viwili na sitaki mtu aniulize zaidi.

Kibati nilimwachia mzee. Usikasirike, ni chake. Alikivaa pale pale juu ya koti. Lakini kwenye msalaba wako sitabadilisha kitu, nilikwenda na rangi nikarudi nayo. Jina lile lilikulisha, lilikubatiza, na mwenyewe hakulilalamikia. Aliuliza tu kama tumelitunza vizuri. Nilimwambia Petero Makokha hakuna aliyemsema neno baya hapa Nakuru.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo linaloninyima raha hata leo, nimeinuka kwenye meza hii mara tatu. Nilipokuwa naondoka mzee alishika usukani wa baiskeli. Alioa mara mbili, akapata watoto wanne, hakuna aliyekua. Akaniuliza, "Mimi nikienda, nani ataniita?" Mimi nilikuwa nawaza mtoto na gari moshi. Nilimwambia nimechelewa, nikapanda nikaondoka. Mtu aliyetupa jina lake tukalivaa mpaka wajukuu, nami sikumpa hata jibu.

Kwa hiyo nakupa wewe jibu, unishikilie. Akija mvulana mwingine katika nyumba hii, na mzee akiwa ametutangulia, ataitwa Makokha, na safari hii itakuwa haki. Rael amekubali, hata kabla sijamaliza kumwuliza. Krismasi hii narudi Keringet na blanketi, nimwambie hivyo kwa mdomo wangu, na nimwambie pia kwamba sisi hatuna haraka. Alitumie kwanza. Alitumie miaka mingi.

Mtoto ameamka, namsikia. Analia kilio cha njaa tu. Pumzika, Baba. Pumzika, Petero mwana wa Lusweti.

Mwanao,
Yohana