Kitanda cha Salfeti

Mama Nkwimba,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa mazoea tu. Tangu niolewe hapa kuwa mke wa pili sijaanza siku bila kukuamkia wewe mke mkubwa, na asubuhi hizi najikuta nimesimama mlangoni kwako nangoja marahaba. Halafu nakumbuka. Halafu nakasirika, kwa nini umeniachia kazi nusu.

Kitanda, Mama Nkwimba. Harusi ni kesho. Lori la pamba litawaleta watu wa bwana harusi kutoka Masumbwe, watamchukua mwanao, na wewe uliapa mbele ya ukoo mzima kwamba mwanao haondoki na mkeka. Ukawamba nusu ya kichwani, homa ikakuangusha, basi. Mpaka matanga yalipoanuliwa hakuna aliyethubutu kukigusa. Kilisimama ukutani, zile kamba nyeupe zikining'inia, nami kila nikipita nageuza uso.

Unakumbuka walivyotucheka tulipokuwa tunaokota mashambani mifuko ya salfeti, ile mitupu ya mbolea? Mimi nafumua nyuzi za plastiki, wewe unasokota kamba pajani. Wakakiita kitanda cha mbolea, eti atakayelala humo ataota majani. Wewe ukawajibu, "Ataota watoto." Hata zile soli za kandambili ulizozikata ziwekwe chini ya miguu ya kitanda nilizikuta kikapuni. Nimezipigilia.

Sasa sikia lililonikuta. Wifi yetu, shangazi yake Nkwimba, alitamka mbele yangu bila haya kwamba mke mwenza hagusi kitanda cha mwali, atamfunga kizazi. Mume wetu amerudi majuzi kutoka machimbo ya Geita. Alisikia, akatazama viatu vyake. Na Nkwimba, niliyembeba mgongoni wewe ukiwa shambani, naye akatazama chini. Iliniuma. Hata hivi ninavyoandika inaniuma.

Nikawamba hivyo hivyo. Jumanne alfajiri nilikaa chini ya upenu, kamba nimezilowesha tangu jana yake kama tunavyolowesha kamba za ngozi ya ng'ombe ili zikikauka zijivute. Asubuhi kilikuwa kimekaza, nikafurahi. Jua lilipofika utosini nusu yangu ilikuwa imelegea kama kiwele kilichokwisha kukamuliwa. Nusu yako imekaza vilevile. Kamba zile zile, mbao zile zile. Wifi alikizunguka, akasema, "Mmeona wenyewe." Sikumpa machozi yangu. Nilikwenda kulia zizini.

Kisha nikafumua nusu yangu yote. Sikai, sili. Nikikaa nasimama, nikisimama nataka kukimbia sijui wapi. Nilikuwa nafagia uwanja, kazi ambayo hakuna aliyenituma, nilipokukumbuka umekaa pale katikati, jua la saa saba linakuchoma, khanga kichwani, mimi nakuita kivulini na wewe hutaki. Siku zote nilidhani ni maringo, unataka mume akuone kuwa wewe ndiye mchapakazi. Ulinijibu siku moja bila hata kuinua uso, "Maji ni ya ngozi. Hii inavutwa ikiwa na moto." Nikaona unanifukuza tu.

Kumbe plastiki ikipigwa na jua inalegea. Ukiivuta hapo hapo, jioni ikipoa inajikaza, na kesho yake jua halina la kulegeza tena. Mama Nkwimba, ungepungukiwa nini kama ungenieleza taratibu. Lakini ulikuwa hivyo, na mimi nilikuwa sikuulizi.

Jana mchana nikakiburuta kitanda mpaka pale pale ulipokuwa unakaa. Jua lilikuwa kali hasa. Nilivuta peke yangu mpaka viganja vikachubuka, watu wote wako kivulini wananitazama, wifi mbele yao. Nkwimba akatoka ndani. Shangazi yake alimwita, hakugeuka. Akaja akashika ncha ya pili ya kamba, akakanyaga ubao kwa mguu kama ulivyokuwa unafanya, akasema, "Vuta, mayu."

Mayu. Jina hilo la mama alikuwa anakuita wewe. Mimi nilikuwa Mama Masanja siku zote. Sijui kama utanikasirikia kwa kuliitikia. Nimeitikia.

Leo mchana nimekwenda kukikagua roho juu. Nimekibonyeza kwa magoti, kwako na kwangu. Kimekaza. Panaonekana pale ulipoishia wewe nilipoanzia mimi, maana kamba zangu hazikulala sawa. Utanicheka, kama ulivyonicheka nilipokwenda darasa la watu wazima ukasema nitamwandikia nani. Haya, nimekuandikia wewe.

Kesho nitakibeba mwenyewe mpaka kwenye lori, na wifi akitaka anisaidie kushika. Na Nkwimba akijifungua, nakuahidi, nitapanda gari niende Masumbwe nikamkande kwa maji ya moto, kama ulivyonikanda mimi nilipomzaa Masanja. Hilo usiwe na wasiwasi nalo. Pumzika, mwenzangu.

Nikimaliza mstari huu nitakwenda kumfunika Nkwimba. Usingizi umemchukua juu ya kitanda chake mchana kweupe, mwali mzima. Kichwa amekilaza kwako, miguu iko kwangu.

Mwenzako,
Mama Masanja