Usimpe Mtu Kadi ya Redio

Mama mpenzi,

Salamu nyingi zikukute salama, wewe na wote wa nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Mpunga umekwisha kuvunwa? Mimi huku Kasongo mwili ni mzima, ila moyo haujatulia. Nimekupigia simu tangu jana, haipiti. Wanasema antena ya Kabambare imekufa tena. Ndiyo maana nampa motari wa pikipiki barua hii. Anaondoka akimaliza kupakia.

Kabla hujasoma mengine: ile kadi ndogo iliyo ndani ya redio yako, usimpe kaka Bonifasi. Najua anataka kuipeleka sokoni wamjazie nyimbo za kwaya. Wale hufuta yote kwanza. Mwambie angoje, tafadhali.

Sasa nikueleze. Kompyuta yangu ya hapa kwenye duka la picha inaendeshwa na programu iitwayo Linux, na diski yake ilikuwa imejaa. Nikasoma habari za mfumo mpya wa kupanga mafaili ndani ya diski, unaoyabana yachukue nafasi ndogo. Waliouunda wameandika wazi: bado ni wa majaribio, ukiharibika hakuna wa kukusaidia, usiweke humo kitu unachokipenda. Nikaona wanatutisha tu. Picha za wateja nilizinakili kwanza mahali pengine. Vitu vyangu nikasema vitakaa humo humo. Sikio la kufa halisikii dawa, mama. Wewe hata mbegu mpya ya mihogo unaijaribu kwanza pembeni. Mimi binti yako nimepanda shamba zima.

Mwanzoni ilikwenda vizuri, hata nikajisifu. Jana umeme wa paneli za jua ukakatika katikati ya kazi. Ulipowaka, diski ikakataa kufunguka. Na humo ndimo ilimo sauti ya baba, ile niliyomrekodi akiwa mgonjwa, akitusimulia alivyokulia Lusangi. Simu niliyomrekodia iliibiwa, unakumbuka.

Yusufu, mwenye duka, alishika kichwa. "Faida, kitu iko ya kujaribu tu, na weye unatia mule sauti ya baba yako? Hauko na akili?" Baadaye akaniletea chai. Sikuweza kuinywa.

Sasa mashine inaniuliza kama ijitengeneze. Inaonya kwamba ikijitengeneza inaweza kufuta kilichobaki. Nanyoosha kidole, nakirudisha. Sijabonyeza. Naogopa, mama, kuliko hata siku ya mazishi ya baba. Siku ile nilijua sauti yake ninayo.

Nakala nyingine ni moja tu, ile niliyokuwekea kwenye redio. Iwashe, usikilize kama bado yupo. Mwishoni anachoka, ananiambia: "Mama, zima ile kitu, utamaliza batiri." Si unajua, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Tangu jana najaribu kumsikia kichwani. Maneno nayakumbuka yote, lakini sauti inayoyasema ni yangu.

Nisalimie kaka Bonifasi, asinikasirikie kwa nyimbo zake. Nisalimie shemeji Riziki na kichanga chake ambacho sijakipakata bado, na mama mkubwa wa karibu na kanisa.

Kama kadi ni nzima, mwambie motari neno moja tu, "iko", nami nitabonyeza. Kama imekwisha kufutwa, usimtume na habari hiyo. Nitakuja mwenyewe, nikae karibu yako, uniite wewe kama alivyokuwa akiniita.

Ni mimi binti yako, ambaye bado sijagusa kitu,

Faida