Binti Yangu Kafungua Karakana Mbele ya Mlango Wangu

Mshauri wa gazeti, nina miaka sabini na minne, nimewazika kaka zangu wote na mafundi wote waliosema makochi yangu yatabonyea kabla ya mwaka, wao wamelala chini na makochi watu bado wanayakalia, kwa hiyo usinijibu kama mtoto. Nisaidie, nina hasira mpaka misumari inanidondoka mdomoni nikiwa kazini. Kitindamimba wangu nimemsomesha chuo kikuu kwa nyundo hii hii, akahitimu uhasibu, nikamwendea meneja ambaye sebule yake yote nimeitengeneza mimi, nikamwombea kazi, mimi ambaye sijawahi kuomba mtu hata kiberiti, meneja akakubali, binti hataki! Ananijibu mbele ya watu, “Baba, si wewe unayetuambia kila tukila kwamba hujawahi kuomba ruhusa ya kwenda msibani? Leo mimi unanitafutia bosi?” Nikasema utoto huo, utapita, kumbe! Kapanga chumba ng'ambo ya barabara, tunatazamana, anatengeneza makochi, mshono ule ule niliomfundisha mwenyewe akiwa likizo, na juzi mteja wangu wa zamani kanipungia mkono akavuka kwenda kwake. Kila asubuhi binti ananiamkia kutoka kule, siitikii. Mwenye nyumba wake ni mtu wangu, nikisema neno moja anatolewa na vitambaa vyake. Niseme? Ukidhani naongopa, muulize kinyozi jirani yangu, alisikia yote, na dada yangu, alisikia akacheka.

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Mteja wa zamani akikupita inauma, pole. Sasa nisikilize.

Unashangaa msomi kukataa mshahara? Umemlea kwa majigambo ya kutokuwa na bosi, ulitaka ajifunze nini? Chuo kimempa cheti, kiburi kakitoa kwako. Kwa mwenye nyumba usiende! Ukimfukuzisha atapanga mtaa mwingine, wateja watamfuata, na wewe utabaki unagombana na ukuta. Aibu, mzee mzima kumvizia mwanao.

Kesho akikuamkia, itikia. Kisha vuka barabara, ukalie kochi lake, ulibonyeze kama unavyojua. Likiwa bovu, mwite pembeni umwonyeshe. Likiwa zuri, mwambie ni zuri, kwa sauti, wateja wakiwepo.