Siku Niliyompeleka Mjomba Kwenye Seli

Uthiru,
Jumapili jioni.

Mama mpendwa,

Hujambo huko Mwingi? Goti bado linakusumbua, au ile dawa ya kuchua niliyompa dada Mwende imesaidia kidogo? Sisi huku tu wazima. Mke wangu anapika, watoto wamekwenda kwa jirani, nami nimejifungia chumbani niandike. Ningekupigia simu, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome mwenyewe, ukiwa umekaa.

Jana nilifunga karakana yetu ya vitanda pale Adams Arcade mapema, kwa sababu ndugu yako, mjomba Kyalo, alipiga simu. "Kioko, nipeleke mjini. Wamezifungua zile seli." Unajua hajawahi kuzitaja tangu atoke. Sikumuuliza kitu.

Ziko chini kabisa ya jengo refu la ofisi. Juu watu wanaingia na kutoka na shughuli zao. Chini wamepafanya mahali pa kumbukumbu, na majina ya waliofungwa yameandikwa ukutani. Binti anayetembeza wageni alituonyesha mahali mpira wa maji ulipopitishwa, seli ikajazwa hadi magotini na mtu akasimama humo uchi, usiku na mchana. Mjomba alikuwa ameshika mkono wa shati langu.

"Sasa nitafunga mlango kidogo, mwone giza lilivyokuwa," binti akasema.

Akafunga. Kijana mmoja aliyekuwa nasi akacheka. "Si hii ni kubwa kuliko keja yangu ninamolala."

Nilisikia pigo kabla ya kuelewa. Mlango ulipofunguliwa, mjomba alikuwa amemkaba huyo kijana shingo, kambana ukutani, anamponda uso kwa ule mkono wenye vidole viwili visivyokunjika. Mama, mzee wa umri ule alipiga kama mwanamume wa miaka ishirini. Damu iliruka ukutani. Nilimshika kiunoni, akanipiga kiwiko cha mdomo. Hata sasa mdomo umevimba. Tulimtoa tukiwa watu watatu.

Askari wa mlangoni akaja na rungu. "Huyu mzee anaenda polisi."

Kijana alikuwa sakafuni, anatema damu kwenye leso. Alimtazama mjomba. "Wacha, afande. Mzee, ulifungwa hapa?"

"Nilikuwa seli ya pili," mjomba akasema. "Humu alikuwa shemeji yangu."

Shemeji yake ni baba, Mama.

Akaketi pale chini akasema yote. Uliambiwa baba aliachiliwa akatorokea Tanzania. Hakutoka kamwe. Walikamatwa pamoja kwa zile karatasi za kuipinga serikali. Baba walimpiga kwa miguu ya meza, na mjomba alisikia kila pigo kupitia ukuta. Wakimchoka, wanamjia mjomba. Vidole vyake walivibana chini ya mguu wa kiti, mtu akakikalia.

Swali lilikuwa moja tu. "Nani alizipiga chapa?"

Baba alijibu, "Ni mimi." Wakamletea taipureta, wakamwambia aandike jina lake. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja na hakuzipata. Walicheka, halafu wakampiga kuliko mwanzo. Siku moja hakulia tena. Mjomba alisikia akiburutwa koridoni, visigino vikigonga sakafu.

Hawakukutaja, Mama. Wote wawili. Wewe ulikuwa karani mpiga chapa pale ofisi ya shule, na mimi nilikuwa tumboni mwako.

Tulipofika kwake Kangemi nilimuuliza mbona hakukwambia. Akasema, "Nilimsikia mama yako anamlaani mumewe, lakini alikuwa anaamka na kulima. Niliogopa akijua hatainuka."

Mimi nadhani utainuka. Ndiyo maana nimeandika. Lia kwanza, usiharakishe.

Kijana yule alipelekwa hospitali akashonwa. Nilikwenda kumwona leo. Alichoniuliza ni kama mzee alilala. Binti naye anauliza kama jina la baba liongezwe ukutani. Mjomba amesema neno hilo ni lako.

Jumamosi nitamleta nyumbani. Anauogopa uso wako kuliko alivyowaogopa wale watu, kwa hiyo mfungulie mlango hata kama hutaki kumsemesha.

Msalimie dada Mwende, lakini barua hii umsomee ukiwa tayari. Msalimie pia shangazi anayekuchotea maji, na mchungaji; mwombe apite akuone kabla hatujafika.

Ulinikataza kutumia jina la baba, nami nikatii, hata kwenye kitambulisho. Leo niruhusu.

Mwanao,
Kioko Mutinda