Nyumba ya Siku Moja

Baraka wangu, sasa? Hapa Kongo tuko salama, na dada yako mdogo ameota jino. Msalimie nyanya sana.

Umeniuliza kwa nini hakuna mtu hulala kwa ile nyumba ya mabati ya babu yako. Baba yangu alikuwa mhasibu, lakini mshahara uliishia kwa karo yangu na kodi ya chumba chetu mjini, Laini Saba. Kila Jumapili alinibeba mabegani tukaenda kuona mpira. Nyumbani kijijini hakujenga. Alipofariki, wazee walikataa mwili uingie boma kabla hajawa na nyumba. Wakaijenga siku moja, jeneza likingoja barabarani ndani ya gari. Ilijengewa maiti tu, ndiyo maana hakuna mtu hulala humo.

Anko, mdogo wake, akacheka: "Mhasibu mzima hana hata choo! Sasa huo mpira umemjengea nini?"

Huyo Anko alikaa kwetu akilala kwa kitanda cha Baba mpaka akapata kazi. Baba alikuwa analala chini. Siku hiyo hakuna mtu alimkumbusha.

Fungua hiyo nyumba, uifagie. Ukitaka kupigia mpira ukutani, piga, hata mabati yabonyee. Nyanya akigomba, mwambie mama ndiye ameniruhusu.

Mama yako